Karanga za Ukurasa wa Tisa

Dakta Magreth alishuka kwenye bajaji pale Kwihara akiwa amekumbatia makala yake kama mtu aliyebeba mayai. Kurasa kumi na nne, zimechapishwa katika jarida la wakubwa huko Ulaya, zote zikihusu dawa za Alzeima, ule ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee. Miaka sita aliisotea. Shangazi yake, Mektilda, alimpokea mkoba, kisha akauliza lile swali ambalo majirani wote walikuwa wakisubiri jibu lake.

"Dawa ya mama umekuja nayo?"

"Nimekuja na makala, shangazi."

"Hiyo anameza na maji au na uji?"

Magreth akaeleza kwa upole wa watu wa kliniki. Dawa waliyoichunguza huuchelewesha ugonjwa kidogo kwa wale ambao ndio kwanza umewaanza. Kwa aliyefika mbali kama bibi yake, mama wa Mektilda, haina la kumfaa. Alikuwa ameliandika hilo mwenyewe, ukurasa wa tisa. Mektilda akaguna. "Mganga hajigangi," alisema, akaenda kuangalia maharage.

Ukweli ni kwamba Magreth hakuja kutibu. Bibi Kabula ndiye aliyemlea, na huu ulikuwa mwaka wa pili hamtambui. Alitaka kitu kimoja tu: bibi amjue, hata kwa dakika moja, kabla ugonjwa haujamaliza kilichobaki.

Bibi alikuwa mkekani sebuleni, ungo mapajani, anamenya karanga. Magreth akaweka makala chini, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mtu wa sensa?"

"Hapana, bibi. Hebu niambie, leo ni siku gani?"

"Mtu wa sensa gani hajui siku?"

Akamtajia maneno matatu ayashike kichwani: jembe, asali, kanisa. Baada ya dakika tano akamwomba ayarudie. Bibi akamtazama kwa huruma.

"Umeshayasahau? Na ujana wako huo. Pole sana."

Huko jikoni Mektilda alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. Magreth hakucheka. Akainuka, akaigusa picha ya marehemu babu Justus iliyotundikwa ukutani.

"Usiishike hiyo," bibi akasema. "Huyo ni mume wangu."

Sasa, Wanyamwezi wanajua kwamba bibi na mjukuu ni watani, na mjukuu wa kike ni mke mwenza tangu siku anapozaliwa. Magreth alikua akigombania babu huyo kila siku ya Mungu. Lakini tangu bibi aanze kuugua, alikuwa akimjia na adabu ya kidaktari na maswali ya kidaktari, utani akauacha mlangoni pamoja na viatu. Msomi huyo, na kurasa zake kumi na nne! Safari hii ulimi ulimtangulia.

"Mume wako? Huyu alikuwa wangu. Wewe alikuoa kwa kukuhurumia tu, na meno yako hayo."

Mkono wa bibi ukasimama juu ya ungo.

"Kumbe ni wewe," alisema taratibu. "Magi. Mwizi wa waume. Umekojolea kitanda changu mpaka darasa la tatu, halafu unataka mume."

Magreth alilia na kucheka kwa pamoja, kamasi zikamtoka, wala hakujali. Wakatukanana vizuri kwa robo saa nzima, bibi akimshinda kila mara. Kisha macho ya bibi yakalegea tena. Akavuta karatasi iliyokuwa karibu yake, akaichana, akaikunja pembe kama wafanyavyo wauza karanga wa stendi, akaijaza mpaka juu. Ilikuwa ukurasa wa tisa.

"Chukua za njiani, mama. Samahani, wewe ni nani vile?"

"Mke mwenzako."

Bibi akampokonya zile karanga, akapunguza nusu, akamrudishia.