Kadi ya Kijani

Kadi mbili zililala mezani kwa karani wa bima: moja ya kijani, iliyochakaa kwa kukaa mfukoni miaka thelathini, nyingine nyeupe, hata alama ya kidole haina. Mchora ramani mstaafu alizikodolea macho. Idara nzima ya ardhi ilimwita Kwa Nini, na jina hilo hakulipata bure.

"Hii nyeupe ni bima ya umma, mzee," karani alimweleza. "Kwa kuwa umestaafu, ndiyo inayotangulia kulipa. Ya kijani, ile ya kazini, inamalizia kilichobaki."

"Kwa nini kongwe ndiyo ibaki nyuma?"

"Ulipokuwa kazini ilitangulia yenyewe, mzee. Sasa zimebadilishana zamu."

Jibu lilimfurahisha, alipenda mambo yenye mpangilio. Hata hivyo, ada ya kadi ya kijani iliendelea kuimega pensheni yake kila mwezi, na yeye alikuwa mzima kama kigingi. Asubuhi hiyo alikuwa amemtangazia mkewe kwamba anakwenda kuifuta.

"Ukiifuta hairudi tena," karani alionya, akimsogezea fomu ya kuendelea au kufuta. "Na mwisho wa kuirudisha ni kesho."

"Basi nichapie nione mwaka jana ilinifaa nini."

Hakuwa na shaka yoyote, ni udadisi wake tu. Alitarajia karatasi tupu. Ikatoka yenye mistari kumi na mmoja, na kila mstari ulisema hayohayo: mwenza, kliniki ya macho, dawa ya matone. Tarehe zote zilikuwa za Alhamisi.

"Hii nyeupe inamhusu mke wangu?" aliuliza, sauti imepungua.

"Bado hajafikisha umri, mzee. Kwa sasa ana hiyo ya kijani tu."

Aliikunja fomu bila kuijaza, akashika njia ya nyumbani. Alhamisi ndiyo siku ambayo mkewe alikuwa akienda kununua nyuzi. Na kwa nini siku hizi alikataa kushona vitambaa vyeusi? Kwa nini chai aliimimina huku kidole kikiwa kwenye ukingo wa kikombe? Maswali yalimjia kwa mkupuo, yote yakiwa yamechelewa. Alijua mipaka ya viwanja vya watu hadi shubiri ya mwisho, lakini mambo ya nyumbani kwake yalimpita. Aliona aibu, na aibu hiyo aliistahili.

Alimkuta mkewe kwenye cherehani, akipapasa pindo kwa ncha ya kidole. Akavuta kigoda, akaketi ng'ambo ya chumba.

"Mama watoto, macho yana nini?"

Cherehani ikanyamaza. "Nani kakwambia?"

"Kadi."

"Mmbea huyo!" Alicheka, akaona anacheka peke yake. "Ni presha ya macho. La kushoto limeshakwenda. La kulia linashikiliwa na matone."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza kwa nini mara mia, na mimi sina jibu hata moja. Halafu cherehani ungeifungia kabatini."

Alitaka kubisha, akakumbuka kwamba ni kweli.

"Na asubuhi, niliposema nakwenda kuifuta?"

"Nilinyamaza. Nilisema moyoni, pensheni ni jasho lake, aitumie atakavyo."

Maneno hayo yalimchoma kuliko karatasi ya karani. Alimkasirikia, kisha akajikasirikia zaidi, na katikati ya hasira hizo mbili akahisi anavyompenda, kwa uchungu ambao hakuwahi kuujua. Akaikunjua fomu juu ya goti. Penye neno *Iendelee* akatia alama ya vema, akatia na sahihi.

"Umeandika nini?" mkewe aliuliza.

"Kwamba kadi zote mbili zinabaki."

Mkewe alishusha pumzi ndefu, akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa.

"Ukiwa hapo, unaniona?" mumewe alimuuliza.

"Naona shati."

Akasogeza kigoda. "Sasa?"

"Shati lenye kichwa."

Akasogea tena, mpaka magoti yao yakagusana. Mkewe alimshika kidevu, akaugeuza uso wake polepole kuelekea mwanga wa dirishani, akautazama kwa jicho la kulia, kwa makini, kama anayetafuta tundu la sindano.

"Kumbe nyusi zako zimeota mvi," alisema. "Tangu lini?"

Hakujua. Alitulia vivyo hivyo, akamwacha aendelee kutazama.