Sufuria ya Watu Wawili

Tangu astaafu upishi wa shule ya bweni, Mama Mwiko hakujua kupikia watu wawili. Akishika maharage tu, mkono wake unalisha bweni zima. Viporo vikamtokea puani mumewe, akamnunulia kisufuria.

"Mke wangu, umestaafu. Tupikie sisi tu."

Akajaribu. Wiki nzima alikaa jikoni kama kuku aliyenyeshewa, akikitazama kisufuria kikichemka.

Jumamosi uzalendo ukamshinda. Akainjika sufuria kubwa uani, akawaita wapangaji wote. Wakaja na sahani zao, vicheko tele. Na nani akasimama mbele? Mumewe, mlalamishi yule yule.

"Pangeni mstari! Hakuna kurudia kabla wote hawajapata!"

Kisufuria hakikutupwa. Siku hizi Mama Mwiko anakitumia kuchotea mchele.