Ujumbe Uliofutwa Mara Nne

Miaka sita nimekaa dawati la usalama la kampuni yetu, ile ya mtandao ambao hata bibi yangu asiyejua kusoma aliitambua nembo yake. Kazi yangu ni kuwafundisha wateja wasitapeliwe. Onyo nililiandika mimi mwenyewe: ujumbe wowote usio na jina letu, futa, usifungue. Mama yangu alilishika somo hilo kuliko wateja wote.

Kisha akaja mkurugenzi mpya. Tulimbandika jina la Mwanzo Mpya, maana kila alipofungua mdomo ndilo neno lililotoka. Jumatatu moja akatutangazia kwamba kampuni inaitwa vingine kuanzia siku hiyo, na kufikia mchana mafundi walikuwa juu ya ngazi wanang'oa herufi ukutani. Kila mteja angetumiwa ujumbe kwa jina jipya, abonyeze kukubali ndani ya siku thelathini. Asiyekubali, vitu vyake vyote vya zamani alivyohifadhi kwetu, picha, sauti na ujumbe, vinafutwa.

Nilinyoosha mkono kikaoni. Nikasema watu watadhani ni matapeli, kwa sababu ndivyo tulivyowafundisha. Nikaomba jina la zamani libaki kwenye ujumbe japo miezi mitatu. Mwanzo Mpya akacheka, akasema watu watazoea, akatugawia fulana zenye jina jipya. Nilipong'ang'ania, akaniambia nina mawazo ya kizamani. Wenzangu wakainamia simu zao. Nikakaa chini, na hilo sijajisamehe.

Mwezi mzima nilishinda nikijibu wateja waliotutukana. Wa kwangu nyumbani nikamsahau.

Jumapili baada ya siku zile kwisha, nilikwenda kumwona mama. Nilimkuta sebuleni, miwani puani, simu mkononi, amejaa furaha.

"Wezi wako wamenijaribu mara nne," akasema. "Jina silijui, rangi siijui. Nimewafuta wote."

Kwenye akaunti yake ya kwetu kulikuwa na sauti za marehemu baba, arobaini na moja, alizomrekodia mama kutoka wodini wiki zake za mwisho. Nyingine anauliza tu kama amekula. Kila Jumapili alasiri mama husikiliza moja, moja tu. Nakala nyingine hakuna.

Nikaichukua simu, nikatafuta. Patupu. Nikampigia fundi wetu wa mitambo, tunayeelewana naye sana. Akasema vitu vya wasiokubali vilifutwa Ijumaa na havirudishiki. Nikampigia Mwanzo Mpya mwenyewe, siku ya mapumziko, potelea mbali. Alinisikiliza, akanipa pole, halafu akasema mabadiliko yana gharama zake. Sauti ya baba yangu anaiita gharama. Nilimtolea maneno ambayo sikujua ninayo, nikakata simu.

Mama alikuwa ananitazama. Nikamweleza yote bila kupunguza: ujumbe ulikuwa wa kweli, ulitoka kwetu, na sauti hazipo tena. Nikamwambia yeye hana kosa hata chembe.

Hakulia. Alivua miwani, akaikunja, akaiweka mezani.

"Na kesho utakwenda kuwafanyia kazi?"

Kesho yake, saa mbili asubuhi, nilikuwa dawatini, napokea simu kwa jina jipya.