Matone Matatu ya Maji ya Ogola

Jumapili saa tisa alasiri, Eucabeth alipanga glasi tatu juu ya meza ya baraza nyumbani kwa Ephantus Gathogo, mtaa wa Milimani, akazifuta tena kwa kitambaa kikavu ingawa zilikuwa safi. Zilikuwa glasi ndogo za kunusia, zenye tumbo pana na shingo nyembamba. Kando ya kila moja aliweka kadi, penseli na kipande cha mkate usiopakwa kitu. Katikati akaweka jagi la maji na dropa ya kioo, kama ile ya dawa ya macho.

Kazi hiyo aliifanya kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na huu ulikuwa mwezi wake wa nane katika kazi hiyo. Mwenye nyumba hakuwahi kumwuliza jina. Alimwita mathe, yaani mama, naye akaitika.

Waonjaji walikuwa watatu. Ephantus mwenyewe, tajiri wa mahindi na ngano kule Njoro. Weldon, mkaguzi wa usalama kazini, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Na Maxwel, muuza pombe mjini, ambaye ndiye aliyewafundisha wenzake kutazama rangi, kunusa mdomo ukiwa wazi, kuitafuna wiski kabla ya kuimeza, kisha kunyamaza na kusikiliza inavyoishia kooni, na mwisho kuiandikia alama kwa mia kwenye kadi. Eucabeth aliyashika yote hayo kwa kusikia tu. Tone moja hajawahi kulionja. Kanisa lake halinywi hata majani ya chai.

"Leo muende pole pole," Maxwel alisema akikwangua nta ya kizibo. "Hii ni bourbon, na ni barrel proof. Imetoka kwa pipa ikaingia kwa chupa, hakuna mtu ameiguza na maji. Sixty-five percent. Maji unajiwekea mwenyewe, tone kwa tone, mpaka ifunguke."

"Wanaipika na nini?" Weldon aliuliza.

"Mahindi, boss. Zaidi ya nusu ni mahindi."

"Basi hiyo ni mali yangu," Ephantus akasema, wakacheka.

Mahindi ndiyo yaliyomwua Ogola, mume wa Eucabeth, Jumanne moja saa nne asubuhi, miaka mitatu iliyopita. Yalikuwa yameganda ndani ya silo, lile ghala refu la chuma, na lori lilikuwa linangoja. Ephantus alisimama chini ya ngazi akamwambia apande, aingie, ayapige kwa mti yaachane. Kamba ya kujifungia ilikuwa imefungiwa ofisini. Mashine ya kuvuta nafaka kule chini haikuzimwa, maana kuiwasha tena kungekula nusu saa. Mahindi yakaachana kama alivyoagiza tajiri, na Ogola akashuka nayo. Alasiri Weldon akaja, akapewa soda, akaandika katika ripoti kwamba marehemu alikuwa amelewa.

Ogola! Mtu aliyekuwa akikataa hata dawa ya kikohozi yenye spiriti. Lakini ripoti ilikuwa na muhuri, na wazee wa kanisa wanauheshimu muhuri kuliko wanavyoheshimu mtu waliyekaa naye benchi moja. Kwaya aliyoiimbia besi kwa miaka kumi na mmoja ilikataa kumwimbia mlevi. Akazikwa na majirani. Eucabeth alilia siku ile, kisha akaacha kulia akaanza kuchukia, na alichukia vizuri, bila kukosa siku, kama mtu anayekama ng'ombe. Hakutaka kingine ila jambo moja: ripoti ile iandikwe upya na mikono ile ile iliyoiandika.

Chini ya ngazi ya silo Ogola alikuwa ameacha chupa yake ya maji, imejaa nusu. Yalikuwa maji ya mvua aliyokinga kutoka kwenye bati lao pale Kaptembwo, maana maji ya kisima huku kwetu hugeuza meno yawe ya kahawia, na Ogola aliyapenda meno yake. Miaka mitatu chupa ilikaa kabatini na maji hayakupungua wala kuota ukijani. Ila kila Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, yalizama pole pole mpaka kitako cha chupa, yakakaa huko dakika tatu, kisha yakapanda tena. Eucabeth alizoea. Alipanga kufua kwake kabla au baada.

Subira huvuta heri, walisema wahenga, lakini hawakusema ni heri ya nani. Mwezi huu wa nane wa kazi Eucabeth aliileta chupa ile Milimani ndani ya kikapu, akaimimina yote katika jagi.

Maxwel aliwamiminia wiski. Wakaitazama, wakainusa, wakaionja kavu ilivyo. Macho ya Weldon yakalengalenga.

"Vanila," Maxwel alisema. "Sukari guru. Mbao iliyochomwa. Sasa mathe, tone moja moja."

Eucabeth akadondosha. Tone moja kila glasi.

"Mahindi," Weldon alisema. "Lakini makavu. Iko na vumbi."

"Vumbi ya store," Maxwel akakubali, akaandika. "Ongeza."

Kwa tone la pili wote watatu walipata chuma cha ngazi kilichopigwa na jua, na jasho la mtu anayepanda haraka kwa sababu anatazamwa. Maxwel alisema ina mwili mzito. Weldon alisema inabana kifua, hasa upande wa chini, na kwamba nafaka zinaingia masikioni. Waliandika.

Kwa tone la tatu ikaja sauti. Haikusikika barazani, ilikuwa katikati ya ulimi, ikisema, ingia tu, ni dakika mbili.

"Hiyo ni mimi," Ephantus alisema, akainusa glasi upya.

"Ni wewe kabisa," Weldon alisema. "Na kamba sioni."

"Kamba haiko," Ephantus alisema. "Nilikuwa na key mfukoni."

Maxwel alikunja uso. "Kitu moja tu. Makali imeenda wapi? Hii sasa haina pombe." Akaenda kwenye gari akaleta kimashine cha kupuliza kinachopima pombe, ambacho hununuliwa na mtu aliyechoka kushikwa na polisi. Walikuwa wamekwisha kunywa robo ya chupa. Wakapuliza mmoja mmoja, na mara zote tatu kikaonyesha sifuri.

"Huyu jamaa alikuwa mkavu," Weldon alisema. "Mkavu mpaka mwisho." Akaliandika hilo pia.

Eucabeth aliweka dropa mezani. Kwa miezi minane alikuwa amewaona watu hawa katika akili yake wakikabwa, wakitapika, wakipiga magoti juu ya vigae vyao. "Mimi ni bibi ya Ogola," alisema.

"Tunajua," Ephantus alijibu kwa upole. "Anakuita, hapo karibu na mwisho. Eucabeth, si ndiyo? Pole sana, mathe."

"Basi andikeni hakuwa mlevi."

"Nimeshaandika," Weldon alisema, akamgeuzia kadi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri: *Haina pombe kabisa. Akili timamu. Kamba hakuna. Inamwita mkewe mara mbili. Mwisho mrefu.*

"Si hapa. Kwa ile ripoti."

"Ile file ilifungwa." Weldon alimtazama kwa huruma ya kweli. "Ikifungwa imefungwa. Haya ni mambo ya Sunday."

Hasira ilimpanda Eucabeth mpaka akasikia ladha ya chuma mdomoni mwake mwenyewe. Ephantus akasukuma glasi yake mbele, akaomba aongezewe kidogo. Eucabeth akaacha dropa ilipo, akalishika jagi kwa mikono miwili na kumimina hadi maji yakafurika kwenye kitambaa cha meza. Alitaka yamfike Ephantus mahali ambapo matone matatu hayakufika.

Ephantus aliinamia meza, akanywa yote asisaze. Akafumba macho. Akakaa hivyo dakika tatu nzima, mkono ukishika shingo, kifua hakipandi, na machozi yakamtoka yakashuka mpaka kwenye kola ya shati. Weldon na Maxwel walingoja. Eucabeth naye alingoja, amesimama wima.

Alipofumbua macho alivuta pumzi ndefu, akajifuta uso kwa kitambaa, akachukua penseli, akaandika tisini na saba kwa mia.