Kibati cha Batuli

Mwaka wa tatu tangu reli ifike Dodoma, vyama vya ngoma vilikuwa viwili, na karibu kila mtu wa mji alikuwa na upande wake. Askari, makarani na wenye maduka waliokaa karibu na boma walikuwa Chama cha Bandera. Wapakia kuni, wafunga mabehewa na watu wote wa stesheni, pamoja na wake zao, walikuwa Chama cha Garimoshi. Walishindana kwa gwaride, kwa nyimbo na kwa tarumbeta, na siku ya sikukuu ya Kaisari wa Wajerumani, Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya, alitoka bomani akakaa kitini kutazama.

Mwaka uliotangulia mashindano yaliharibika. Watu wa Bandera walinunua nafasi kwa watu wa Garimoshi, wakaingia kimya kimya wakakaa katikati yao, na nyimbo zilipofika kwenye kejeli wakaanza kurusha mawe. Mzee mmoja alipasuliwa kichwa. Bwana Shauri akasema hatatoa tena ruhusa mpaka vyama vimjue kila anayeingia. Basi uwanja ukazungushiwa ua wa miti, na fundi bati akakata madebe kuwa vipande vidogo, kila kipande akakigonga jina la mwanachama mmoja. Watu waliviita vibati. Mpiga mbiu akapita mitaani akitangaza sharti: kibati hakiuzwi, hakiazimwi, hakipewi ndugu wala rafiki, na atakayekitoa kwa mwingine atafukuzwa chamani.

Kufukuzwa chamani halikuwa jambo dogo, na Batuli alilijua hilo kuliko wengi. Yeye na mumewe Mbwana walikuwa wametoka Kondoa kufuata kazi ya reli. Mtoto wao wa pekee alikufa kwa homa kabla hawajamaliza mwaka mjini, wakati hawana hata ndugu mmoja wa karibu pale wa kumpelekea habari. Wanawake wa Garimoshi ndio waliokuja. Walimwosha mtoto, wakaleta sanda, wakalala na Batuli chumbani mpaka matanga yakaisha, na wanaume wakachimba kaburi kwenye ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu. Tangu hapo Batuli hakukosa ngoma wala msiba wa chama. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, si mwimbaji mzuri, lakini alikuja.

Mbwana alikuwa hodari wa tarumbeta. Mchana alipakia kuni kwenye garimoshi, jioni alipiga, na mtu aliyetaka kukisifu chama alimsifu yeye.

Sikukuu ilipokaribia, Mbwana alimwambia mkewe kwamba wanawake hawakupata vibati mwaka huo. Bati halikutosha, alisema, na waliopewa walikuwa bibi vizee wachache tu. Batuli aliuliza kama mwakani wangepata. Mbwana akasema watapata. Batuli akaikunja kanga aliyokuwa ameifua kwa ajili ya siku ile, akairudisha sandukuni.

Siku yenyewe mvua ilinyesha asubuhi, kisha jua likatoka. Batuli alikuwa uani akichambua mlenda aliposikia hodi ya jirani yake Kuluthumu, ambaye mumewe alikuwa mfunga mabehewa. Kuluthumu alikuwa amejipamba na kuvaa kibati shingoni kwa uzi mwekundu. Alishangaa kumkuta mwenzake hajaoga. Batuli alimweleza habari ya bati kutotosha. Kuluthumu akamtazama kidogo, akasema yeye mwenyewe alikuwapo vibati vilipogawiwa, na wanawake wote walipata. Cha Batuli alikichukua Mbwana kwa mkono wake.

"Labda alisahau kukupa," Kuluthumu alisema. "Vaa twende. Tutamwambia wa mlangoni akamwite."

Batuli akavaa. Njiani Kuluthumu aliongea sana, juu ya matope, juu ya nyimbo za Bandera, na Batuli aliitikia kila mahali palipotaka kuitikiwa.

Mlangoni alikuwa amesimama Kefa, Mgogo aliyesoma misheni Mvumi. Alichaguliwa kwa sababu alijua kusoma na hakuwa mwanachama wa upande wowote. Kazi hiyo hakuipenda, ilionekana, lakini aliifanya sawasawa: alishika kila kibati, akasoma jina, akamtaka mwenyewe alitamke. Kuluthumu alipita. Kisha akageuka kumwombea mwenzake, akieleza kwamba kibati chake anacho mumewe, yule mpiga tarumbeta.

Kefa aliuliza jina.

"Batuli, mke wa Mbwana."

Kefa akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari ya msiba, "Mama, Batuli wa Mbwana ameshaingia."

Kuluthumu alianza kubisha. Kefa akamtuma mtu ndani, na watu waliokuwa nyuma wakisubiri zamu wakasogea karibu ili waone. Baadaye kidogo akatolewa mwanamke kijana, Mgogo, mwenye shanga shingoni na mimba ambayo ilikuwa imeanza kuonekana. Kefa alishika kibati chake, akakisoma, akamwuliza jina.

"Batuli," alisema yule mwanamke, macho chini.

Kefa akamgeukia Batuli. "Huyu ndiye uliyempa kibati chako?"

Baadaye Kuluthumu alimwambia kwamba pale pale angeweza kusema lolote. Angeweza kupiga kelele, angeweza kumwita mumewe. Lakini Batuli hakuwa na maneno mengine isipokuwa yale yaliyokuwa ya kweli.

"Sikumpa."

Yule mwanamke akainua macho. Alimtazama Batuli usoni, kisha miguuni, kisha usoni tena, kwa hofu ambayo Batuli hakuielewa. Akavua ule uzi bila kuambiwa, akamwekea kibati kiganjani, akaondoka kwa haraka katika matope akielekea upande wa Makole. Hakuna aliyemzuia.

"Basi ingia, mama," Kefa alisema. "Mwenye jina ni wewe."

Akaingia. Wanawake wa Garimoshi walikuwa wameketi kwenye mikeka upande wa mashariki, na pengo lililoachwa na yule mwanamke lilikuwa bado lipo. Batuli akaketi pale. Mkeka ulinuka mafuta ya nyonyo. Wenzake wa kulia na kushoto wakawa wanaangalia mbele, na hapo ndipo alipojua kwamba walikuwa wamekaa na yule mwanamke tangu mwanzo na hawakumwuliza kitu.

Bandera walipiga kwanza. Kisha Garimoshi wakaingia kwa gwaride, fulana nyeupe, Mbwana mbele na tarumbeta yake. Alipozungusha macho kwenye mikeka alimwona mkewe. Batuli alimwona akimwona. Alingoja mkono utetemeke au sauti ikatike, lakini Mbwana alipiga. Alipiga vizuri kuliko siku zote, mpaka Bwana Shauri akapiga makofi na watu wa Bandera wakatazamana. Batuli alimtazama mbwa wa Bwana Shauri, aliyelala chini ya kiti akijikuna sikio kwa mguu wa nyuma. Alimtazama huyo mbwa mpaka ngoma ikaisha. Garimoshi walishinda. Wanawake wakasimama kushangilia, naye akasimama pamoja nao.

Mbwana hakurudi nyumbani mpaka kesho yake asubuhi. Alikula uji, akavaa nguo za kazi, akasema tu kwamba mambo mengine si ya kuyafuata sana. Batuli alimwuliza kama ataongezewa uji. Mbwana akasema ametosheka.

Lakini habari ya mlangoni ilikuwa imesikiwa na wengi mno. Bandera walianza kudai kwamba Garimoshi wamevunja sharti na ushindi wao si halali. Akida wa chama, Khamisi, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa wapakia kuni, akaita baraza Ijumaa baada ya sala, chini ya kibanda cha kuni cha stesheni. Wanaume walikaa kwenye magogo, wanawake wakakaa chini. Khamisi alisema hataki maneno mengi. Anataka kujua jambo moja tu: kibati cha Batuli kilitokaje kwa Batuli.

Mbwana alisimama. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mke wangu alikiuza," alisema. "Mimi nilimpa, yeye akakiuza. Sikujua mpaka siku ile."

Kuluthumu alivuta pumzi. Batuli alikuwa akiangalia gogo alilokalia Khamisi, lililokuwa na gome lililobanduka, na chini ya gome mchwa wakipita. Alisikia maneno ya mumewe moja moja, na yote yalikuwa wazi. Aliwaza kwamba anapaswa kukasirika. Alijitafuta ndani kama mtu anayepapasa chumba chenye giza, asiguse kitu.

Khamisi alimwuliza kama ni kweli. Batuli akasema si kweli, hajawahi kukiona kibati chake mpaka pale mlangoni. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, na hilo likamdhuru, kwa kuwa baadhi ya watu walisema baadaye kwamba mke aliyeonewa hasemi hivyo.

Basi akaitwa yule mwanamke mwingine. Jina lake lilikuwa Raheli. Alipikia wafanyakazi wa reli huko Makole, na watu wawili walikuwa wametumwa kumleta. Alisimama pembeni, mbali na Mbwana, mkono juu ya tumbo. Khamisi akamwuliza alikinunua kwa nani.

Raheli alisema hakununua. Alipewa na Mbwana, akaambiwa akiulizwa jina aseme Batuli.

"Na hukuona kwamba ni jina la mtu mwingine?" Khamisi aliuliza.

"Nilijua," Raheli alisema. "Aliniambia ni la mkewe marehemu. Aliniambia amemzika pamoja na mtoto."

Garimoshi la mizigo lilikuwa limesimama stesheni, na moto wake ulisikika ukikoroma. Mwanamke mmoja wa wale waliomwosha mtoto wa Batuli akafunika uso kwa kanga. Watu walimgeukia Batuli wakingoja alie, naye alijua wanangoja, lakini machozi hayakuja. Alijisikia kuwa mbali sana. Alisikia kiu.

Khamisi alikuwa mtu mzima na aliona haya. Alikohoa, akachora chini kwa fimbo. Lakini mashindano ya Kilimatinde yalikuwa mbele yao, na chama hakikuwa na mpiga tarumbeta mwingine. Alitoa hukumu bila kumtazama mtu. Mbwana alikosa, atalipa mbuzi wa kuliwa na chama. Raheli si mwanachama, asionekane tena uwanjani. Kuhusu Batuli, alisema, hana kosa kubwa, lakini kibati kilikuwa na jina lake na sharti ni sharti. Bandera lazima waone kwamba chama kimefanya kitu. Akirudishe kwa sasa. Maneno yakipoa, atapewa kingine.

Kuluthumu alisimama akasema hiyo si haki. Wanaume wawili watatu wakamwambia akae. Wale wanawake waliokaa na Raheli mkekani hawakusema.

Batuli akafungua pindo la kanga, akatoa kibati, akaenda kukiweka juu ya gogo karibu na Khamisi. Khamisi akasema, "Ahsante, mama," kisha akaonekana kujutia neno hilo.

Siku zilizofuata Batuli alichota maji, alipika, alifagia. Mbwana alizungumza zaidi ya kawaida. Alisema alimwambia Raheli uongo kwa sababu Raheli hakutaka kuwa mke wa pili. Alisema watu wote husema uongo kama huo. Alisema Batuli ndiye mkubwa wa nyumba na hakuna atakayemtoa. Batuli alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwomba talaka. Mbwana alikataa, akaenda kazini. Jioni akaombwa tena, kwa maneno yale yale na sauti ile ile, na kesho yake tena. Mwishowe aliitoa mbele ya mwalimu wa chuo cha Kurani na mume wa Kuluthumu, akilia. Batuli alimtazama akilia, akaona kwamba ana mvi moja juu ya sikio ambayo hakuwahi kuiona.

Eda alikaa kwa Kuluthumu. Eda ilipokwisha, akafuatana na wafanyabiashara Warangi waliokuwa wakirudi nyumbani Kondoa baada ya kuuza mbuzi. Nyasi zilikuwa zimeanza kukauka juu, mabonde bado mabichi. Wale wanaume walimwita dada, wakambebea mzigo wake, wala hawakumwuliza safari yake ni ya nini.

Kaka yake Hasani alikuwa anaishi chini ya vilima, na shamba lake la uwele lilishuka mpaka mtoni. Alimpokea bila maswali. Mke wa Hasani alimpa chumba cha nyuma. Wiki nzima Batuli alisema tu kwamba Dodoma kuna joto na maji ni ya shida. Alikula alichopewa, akalala mapema.

Asubuhi moja alikuwa akipika uji, wengine bado hawajatoka nje, chungu kikainama na uji ukammwagikia mkono. Aliuondoa mkono, akautazama ukiwa mwekundu. Kisha maumivu yakaja, makali, yakapanda hadi begani, na Batuli akapiga ukelele uliomshtua hata yeye. Hasani akatoka mbio na mkewe nyuma yake. Wakammwagia maji. Hakunyamaza. Alilia akiwa amekaa chini kwenye majivu, na alipoweza kusema, alisema, "Mbwana aliwaambia watu kwamba nimekufa. Na watu wa chama wakasikia, wakamwachia apige tarumbeta."

Akaeleza yote, mpaka jua likawa juu ya miti. Hasani alisikiliza akiwa amechuchumaa, jembe magotini. Batuli alipomaliza, Hasani aliweka jembe chini. Akasema angemfuata Mbwana kama dada yake angetaka. Batuli akasema hataki.

"Basi kile kipande cha kando ya mto kitakuwa chako," Hasani alisema. "Nilikuwa nakiacha tu. Kina kokoto upande wa juu, lakini chini kuna udongo mzuri."

Mkewe akaleta majani ya kufunga mkono. Mkono ulipopona, Batuli alishuka mtoni na jembe, akaanza na upande wenye kokoto.