Maji ya Zamu ya Blandina

Asheri alikuwa ametazama kwenye simu watu waliopiga hema kando ya ziwa la milimani huko Peru, akasema fungate lao litakuwa hivyohivyo. Nauli ya Peru hawakuwa nayo. Lakini kwa kina Asheri, kijijini Vudee, kulikuwa na ndiva, bwawa la kijiji la kumwagilia mashamba, na baridi ya kumwaga. Basi wakabeba mabegi mgongoni, wakapanda mlima kutwa nzima.

Nanyori hakuwa mjinga. Alijua mumewe hakufuata mandhari. Chini kidogo ya ndiva ile palikuwa na nyumba ya mama yake, Blandina, ambaye ndoa yao hakuhudhuria, akisema hamjui binti huyo wa wafugaji wala hana haja ya kumjua. Asheri, mwanamume mzima mwenye ndevu, alimwogopa mama yake kuliko simba.

"Tutashuka kesho," alisema, kama alivyosema jana yake.

Nanyori akajifunika shuka lake, akampa mgongo. Alitaka kuingia nyumba ile kama mkwe, si kujificha juu yake kama mwizi.

Asubuhi alipotoka hemani alishtuka. Jioni ndiva ilikuwa imejaa pomoni, sasa imepungua, na maji yanatoka kwa kasi kwenye tundu la ukuta wa bwawa! Kwao, tambarare za Makanya, ng'ombe hutembea siku nzima kutafuta maji machache kuliko hayo. Alimwita Asheri, Asheri akakoroma. Akaingia majini hadi kifuani, akasokomeza shuka lake tunduni, akashindilia mawe na tope mpaka maji yakakatika. Alitoka akitetemeka, amejaa fahari, akiona ameokoa kijiji kizima.

Haukupita muda akatokea mwanamke mfupi mwenye jembe begani, anapanda huku anafoka.

"Nani kaziba maji yangu? Siku kumi nangojea zamu, mahindi yanakauka, leo nimefunguliwa, mtu anaziba!"

Asheri akachungulia kutoka hemani. "Mama!" akasema, akarudisha kichwa ndani.

Nanyori alitamani ardhi ipasuke immeze. "Shikamoo mama. Ni mimi. Nilidhani yanapotea."

Blandina alimtazama: tope hadi mabegani, meno yanagongana. "Umeingia humo? Na baridi hii?"

"Yalikuwa yanamwagika, mama. Ningeyaangalia tu?"

Mama yule alishusha jembe begani. Kisha akaligeukia hema. "Asheri! Umezaliwa hapa, na hujawahi kulowesha hata soksi kwa ajili ya maji haya. Toka huko, uzibue!"

Asheri alitoka mbio na kujitosa. Blandina akavua sweta lake, akamvisha Nanyori mwenyewe, akavuta kola mpaka ikafunika shingo. Alikuwa bado amenuna, lakini mikono yake haikuwa na haraka.

Ndipo akafika Zebedayo, mlinzi wa ndiva, akihema kwa hasira. Miaka yote ya ulinzi wake hakuna aliyethubutu kugusa tundu lile bila ruhusa yake.

"Mama Asheri, nani huyu aliyeziba? Anatoka wapi?"

Nanyori aliinamisha kichwa. Blandina akasogea, akasimama mbele yake.

"Huyu ni mkwe wangu," alisema. "Una neno naye, anza na mimi."