Kura Ishirini na Mbili za Shemeji

Shemeji yangu alinidharau sebuleni kwake, mbele ya wakwe, huku ameshika glasi ya juisi niliyomletea mimi mwenyewe.

"Wewe ni fundi mzuri, dada, hakuna anayebisha," alisema. "Lakini kuongoza ni kitu kingine. Kunataka mtu mwenye sura ya uongozi."

Wakwe wakatikisa vichwa kukubali. Mdogo wangu, mke wake, akajifanya anapanga vikombe. Mimi nikasema juisi ni tamu.

Tulikuwa tunagombea programu. Kazi yake ni kupanga ratiba za shule: mwalimu gani, darasa gani, kipindi gani, bila walimu wawili kugongana mlangoni. Ni programu huria. Shule yoyote inaitumia bure, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na anayejua kuirekebisha analeta rekebisho lake likaguliwe. Aliianzisha mhadhiri mmoja tunayemwita Profesa, lakini kwa miaka saba aliyeitunza ni mimi, mwalimu wa hisabati, saa ya mapumziko, na chai inapoa pembeni. Sasa macho ya Profesa yalikuwa yamechoka. Alitangaza kwamba Ijumaa ya wiki ya kufungua shule tutachagua wa kushika nafasi yake. Niliitaka nafasi hiyo. Sioni aibu kusema, niliitaka mpaka nikawa naiota.

Kura ni ya yeyote ambaye rekebisho lake limekubaliwa na mmoja wetu, hata likiwa moja. Tulikuwa tisa, shemeji akiwemo. Yeye alikuwa na marekebisho matatu kwa jumla, na mawili niliyafanya upya mimi.

Wiki mbili kabla ya uchaguzi nikafungua orodha ya wapiga kura, nikakuta tumekuwa thelathini na mmoja. Ishirini na wawili wapya! Kila mmoja alikuwa amesahihisha koma moja kwenye maelezo ya matumizi. Koma moja, kura moja. Ishirini na mmoja walikuwa watu wa ofisini kwa shemeji, na aliyezikubali koma zote ni yeye mwenyewe, Mheshimiwa shemeji. Wa mwisho kwenye orodha alikuwa mdogo wangu, karani wa shule, ambaye sidhani hata aliulizwa.

Nilimpigia simu Profesa.

"Kanuni ni kanuni, mwanangu," alisema. "Wana haki ya kupiga kura."

"Tunafuata kanuni zote, Profesa?"

"Zote."

Nikamshukuru kwa adabu zote. Kanuni ya saba niliiandika mimi. Inasema kila mwenye kura atashika zamu ya kujibu maswali ya watumiaji, na atakayeikataa zamu yake anapoteza kura. Hatukuwahi kuitaja, maana sisi tisa tulikuwa tunajibu bila kuambiwa. Na mpanga zamu nilikuwa mimi.

Niliwapanga wote ishirini na wawili kuanzia Jumatatu ya kufungua shule. Hiyo ni wiki ambayo kila mwalimu wa taaluma anataka ratiba leo hii, na simu haiwekwi chini. Sikumwonea mtu, niliwapanga kwa alfabeti. Moyo wangu ulikuwa mweupe pee.

Kufika saa nne asubuhi walikuwa wamekwishapata maswali tisini. Mwalimu mkuu mmoja alikuwa anabwata kwamba michezo imepangwa maabara. Mwingine alikuwa hajui kitufe cha kuchapisha kiko wapi, na alipoonyeshwa akauliza karatasi itatoka upande gani. Saa sita, wa kwanza akaandika kwamba ana majukumu mengine. Nikamfuta, nikamtakia kila la heri. Jioni walikuwa wameingia mitini saba. Jumatano shemeji akanipigia.

"Dada, unawakomoa watu wangu."

"Kanuni tu, shemeji. Viongozi huzisoma."

Alhamisi asubuhi alibaki mpya mmoja, mdogo wangu. Nikajua naye atachoka, basi nikafungua majibu yake nione amefikia wapi. Alikuwa amejibu watu sitini na wanne. Yule wa karatasi alikuwa amemwelekeza hatua kwa hatua, mpaka mtu akaandika "Mungu akubariki." Palipomshinda aliandika kwamba hajui, akauliza, akarudi na jibu. Mimi kwa miaka saba sijawahi kumwandikia mtu kwamba sijui.

Hapo ndipo shetani aliponinong'oneza. Kwa hesabu yangu nilikuwa na kura sita, nafasi ilikuwa yangu. Lakini nikishinda mimi, shemeji atasema nilicheza na kanuni, na atabaki kwenye sofa lake kichwa juu. Je, akishindwa na mke wake? Na koma aliyoipanda kwa mkono wake mwenyewe? Atalalamika kwa nani?

Niliwapigia wenzangu saba, mmoja mmoja, nikawaambia najitoa, someni majibu ya mdogo wangu mjue wa kumpa kura.

Ijumaa mchana nilikutana nao kwenye skrini, mimi nikiwa chumba cha walimu. Mdogo wangu hakuwepo, alikuwa na mwalimu mkuu kwenye simu. Profesa akahesabu: kura nane kwa mdogo wangu, moja kwa shemeji. Hakuna aliyeuliza hiyo moja ni ya nani. Shemeji akazima kamera. Nilifurahi mpaka nikasikia joto masikioni.

Baada ya nusu saa simu ikaita. Mdogo wangu alikuwa analia.

"Dada, mume wangu anasema umefanya hivi kumkomoa yeye tu. Nimemwambia hakujui. Nimemwambia dada yangu hawezi kutoa kazi yake ya miaka saba kwa hasira, amenipa kwa sababu ameona naiweza. Tangu niolewe hakuna aliyewahi kuniona naweza kitu. Si ndivyo, dada? Uliniona?"

Kengele ya kipindi ikalia. Walimu wakaanza kukusanya madaftari yao.

"Ndivyo, mdogo wangu," nilisema, na nikashukuru kwamba haoni uso wangu.